Skuta Iliyozima Mara Nne Kabla ya Ivuna

Jumatano ya kwanza ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, nilimpoteza mume wangu Lazaro, ambaye wengi wenu mlimwita Baba Sekela. Aliumwa siku kumi na moja tu. Tulimzika kwao Ivuna, nami nikarudi Tunduma na gari lililobeba watu wa msiba. Skuta yake ilibaki uani chini ya turubai, pale pale alipoiegesha.

Wenzangu wa kwaya, na nyie mnaouza karibu nami sokoni, mmeniuliza ilikuwaje ile safari ya mwezi wa nane. Kila mmoja nimempa kipande, na nasikia sasa vipande vimeanza kupishana. Kwa hiyo naandika yote mara moja. Niliishia darasa la saba, mtanivumilia. Mambo ya leseni na bima nayaruka. Ya ujinga wangu siyaruki, maana ndiyo yaliyochukua sehemu kubwa ya safari.

Kwanza mjue kwa nini nilikwenda kwa skuta wakati magari yapo. Ukoo wa mume wangu una desturi yake. Chombo cha kazi cha marehemu hakiangalii nani mtoto wala nani mjane. Siku ya kuanua matanga hupewa mtu anayeweza kukifanyia kazi, na lazima aonyeshe mbele ya watu. Alipofariki bibi yao mmoja, cherehani yake alipewa jirani, na binti zake watatu wapo wamekaa mkekani wanaangalia, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyejua kushona.

Sasa skuta ndiyo iliyokuwa kazi yetu. Lazaro alishuka nayo Ivuna kuchukua chumvi, akapanda nayo Tunduma, mimi nikauza. Ikienda kwa mtu mwingine, chumvi yangu ingeishia hapo. Na alikuwepo aliyeitaka: Festo, mtoto wa Shemeji Musa, kaka mkubwa wa mume wangu. Festo ni bodaboda miaka mingi.

Shemeji Musa alinipigia simu mwenyewe.

"Shemeji, ile skuta Festo anaitaka."

"Na mimi naitaka."

"Wewe utaifanyia nini?"

"Kubebea chumvi."

"Ile haina tabia nzuri, unaijua. Ikikuzimia porini?"

"Nitaiwasha."

"Haya. Jumamosi uje nayo. Ije kwa moto wake yenyewe. Ikija juu ya lori, tusilaumiane."

Kuendesha nilikuwa najua. Lazaro alinifundisha kwenye uwanja wa mpira, nikawa naenda nayo sokoni na kanisani. Lakini kupita Mpemba sikuwahi.

Siku moja kabla ya kuondoka niliiosha yote. Petroli yake huchanganywa na oili, nikachanganya mwenyewe kama nilivyomwona akifanya. Nilipofungua kifuniko cha tenki nikakuta kipande cha nailoni chini yake. Wabeba chumvi wote huweka hivyo, ili petroli isiruke kwenye mashimo na unga wa chumvi usiingie. Nailoni yenyewe ilikuwa imekuwa ya njano, ina tundu katikati. Nikaona aibu. Nikasema, mume wangu alikuwa anatembea na takataka hii. Nikaitupa, nikakata mpya, ngumu, kutoka kwenye mfuko uliokuja na godoro. Nikafunga kifuniko mpaka kikagoma.

Nilijisikia nimefanya kazi nzuri.

Tunduma hadi Mpemba

Niliondoka Alhamisi asubuhi. Malori yalikuwa yamepanga foleni kutoka mpakani, na nilipita pembeni yake taratibu kama mtu anayepita nyuma ya ng'ombe wakubwa. Madereva walinipungia mikono. Mmoja akapiga honi nikakaribia kuingia mtaroni.

Kabla ya kufika Mpemba mlio ukabadilika. Ulianza kukohoa, ukawa mwembamba, kisha kimya. Nikapiga kiki mpaka mguu ukatetemeka. Hapo hapo kando ya barabara dereva mmoja wa Zambia alikuwa anapika kwenye jiko dogo kivulini mwa tela lake. Akaja huku anapangusa mikono, akaniita mama kwa lugha ya kwao.

"Mayo, inagoma?"

"Inagoma, baba."

Akafungua kifuniko cha tenki, akatoa nailoni, akachungulia, akaitikisa skuta. "Petroli iko." Akarudisha kila kitu. Kisha akafungua plagi, akanionyesha ncha yake nyeusi tii. "Ona. Hii ndiyo mchawi." Akaisugua kwa brashi ya waya, akairudisha. Kiki ya kwanza, ikawaka.

Tulishukuru wote wawili kama watu waliopata mtoto. Akanipa ugali wake na kapenta, vidagaa vya kwao, nikala nimesimama. Akaniuliza mwenye skuta yuko wapi. Nikamwambia amefariki mwezi wa tatu. Akavua kofia.

"Pole, mayo. Sasa mnaiuza? Mimi nipeleke kwa mdogo wangu Nakonde."

"Siuzi. Naenda kuipigania."

Akacheka, akadhani natania.

Mpemba hadi Vwawa

Niliimba njia nzima. Plagi ilikuwa tatizo, plagi imesafishwa, basi. Nilipita mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, nikaona miti ya kahawa ya kwetu, nikajiona mtu mkubwa. Kilima cha kuingia Vwawa sijakimaliza, mlio ukawa mwembamba tena.

Nilisukuma. Skuta ya zamani ni chuma kitupu, siyo kama hizi za sasa zenye plastiki. Nikafika kwa Fundi Ambele nikiwa nimelowa mgongo mzima. Yeye ni mtu mfupi anayesema maneno mengi kuliko mashine anazotengeneza.

Naye akaanza na kifuniko cha tenki. Akakishika kile kipande changu cha nailoni, akakigeuza juani. "Nani kaweka hii?"

"Mimi."

"Safi sana, dada. Hapa vumbi halipiti." Akairudisha kwa heshima. "Tatizo lako ni kabureta. Kila mtu anakimbilia plagi, plagi, plagi! Plagi inaonewa."

Akaifungua kabureta, akaweka vipande vyake kwenye bakuli la petroli, akanionyesha kitundu chembamba kama cha sindano ambacho petroli hupita. Nikasogea kuangalia. Sikuona uchafu, lakini fundi alisema upo, na mimi ni mwanakwaya, nimezoea kuamini bila kuona.

Kazi ikiwa katikati, gari la mazishi likapita. Fundi Ambele akafunika bakuli kwa gazeti, akanawa kwa sabuni ya unga.

"Jirani yetu. Tunakwenda kumsitiri, tunarudi."

Ningeweza kubaki kwenye kibenchi chake. Lakini sisi kwetu msiba ukipita hukai kwenye kibenchi. Nikajifunga kitenge vizuri, nikafuata. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimama kaburini tangu la Lazaro. Nilisimama nyuma kabisa, mikono yangu ina oili mpaka kwenye kucha. Mama mmoja akaniuliza mimi ni wa upande gani. Nikamwambia, "Mimi mgeni wa fundi." Akanishika mkono wenye oili hivyo hivyo, hakuuachia mpaka walipomaliza kufukia. Sijui jina lake. Baadaye walitugawia wali na maharage, na fundi akala sahani mbili.

Saa kumi akamaliza kazi. Skuta ikawaka kwa kiki moja. "Unaona?" akasema. "Kabureta."

Vwawa hadi Mlowo

Hapa ni karibu, na haikuzima. Nililala Mlowo nyumba ya wageni, na skuta nikaomba ilale ndani ya korido. Mwenye nyumba alikubali baada ya kuniambia kwamba inanuka.

Asubuhi nilikunywa chai kwa mama mmoja wa maandazi mbele ya stendi. Aliona kitambaa cheusi nilichobana begani kwa pini, akaniuliza, nikamweleza. Nikamweleza na habari ya kuzima.

"Ilizima wapi na wapi?"

Nikamtajia.

"Mwenyewe alikuwa anapumzika hapo?"

Nikafikiri. Karibu na Mpemba alikuwa ana rafiki yake. Kilima cha Vwawa alikuwa anasimama kupoza injini. Nikasema ndiyo.

"Basi usihangaike na mafundi, mwanangu. Matanga hayajaanuliwa. Mwenye chombo chake anakishika." Akaniongezea andazi moja bila kuniambia.

Ningependa kuandika kwamba nilimcheka. Sikumcheka. Nilipolipa chai na kutoka, nilishika usukani kama unavyoshika mkono wa mtu.

Mlowo hadi chini ya mteremko

Tangu Mlowo unaacha lami unaelekea bonde la Rukwa. Juu kuna baridi na kahawa, halafu ardhi inaanza kuinama, hewa inakuwa nzito, vumbi linaingia hadi kwenye meno. Nilikuwa nimejaza tenki mpaka juu Mlowo. Mabasi yaliyonipita yaliniacha ndani ya wingu jekundu, nikawa nasimama mpaka nione barabara.

Ikazima kwenye kona, mahali pasipo na nyumba.

Na hapo, naomba mnielewe, Lazaro alikuwa anapumzika pia. Aliwahi kunisimulia juu ya mti mkubwa na jiwe la kukalia. Mti ulikuwepo, na jiwe lilikuwepo. Nikakaa juu ya lile jiwe nikasema kwa sauti: "Baba Sekela, kama ni wewe, niachie. Kesho wanagawa. Ukinishika hapa, anachukua Festo." Nilisubiri kidogo. Hakuna kilichotokea, ila siafu walinipanda mguuni.

Nikainuka. Mtu aliyemwambia shemeji yake "nitaiwasha" hawezi kukaa juu ya jiwe.

Nikafanya kama alivyokuwa anafanya Lazaro. Alikuwa akisema injini inataka vitu viwili tu, moto na chakula, na ukijua kipi kimekosekana umeshapona nusu. Nikaanza na moto. Nikafungua plagi, nikaiunganisha na waya wake, nikaiegemeza kwenye chuma cha injini, nikapiga kiki. Cheche ya bluu ikaruka, nzuri kabisa. Kwa hiyo moto upo. Dereva wa Zambia alikuwa amekosea, Mungu ambariki.

Nikaenda kwenye chakula. Nikafungua kifuniko cha ubavuni, nikachomoa mpira wa petroli unaoingia kwenye kabureta, nikafungua koki. Petroli ikadondoka matone matatu manne, ikasimama. Tenki limejaa, nasikia linacheza ndani, lakini kwenye mpira hakuna kitu. Kwa hiyo Fundi Ambele naye alikuwa amekosea. Kabureta haikuwa na kosa, ilikuwa haipewi.

Nawaambieni nilisimama pale porini peke yangu nikatabasamu. Watu wawili wanaojua walikuwa wamekosea, na mimi nilikuwa nimepata njia.

Nikaweka mpira mdomoni nikapuliza kwa nguvu. Ndani ya tenki ikabubujika kama chungu cha uji. Nilipotoa mdomo petroli ikatoka kwa kasi, nikaimeza kidogo. Nikahitimisha: kuna uchafu ndani ya tenki, nimeupuliza umetoka njiani. Nikarudisha kila kitu, ikawaka. Nikateremka hadi chini bila shida, natema mate yenye petroli njia nzima.

Nilikuwa nimekosea mimi pia. Lakini nilikuwa nimekosea karibu zaidi kuliko wao.

Bondeni

Kule chini ni nchi nyingine. Joto linakupokea kama mlango wa tanuri. Kuna wafugaji waliohamia na mifugo mingi, maboma yao yamezungushiwa miti ya miiba. Ilikuwa saa tisa alasiri ilipozima mara ya nne, mbele ya boma moja.

Sijashuka vizuri, mwanamume mmoja mrefu akatoka mbio, nyuma yake vijana wake wanafungua zizi.

"Karibu sana, kiongozi! Tumesubiri tangu wiki iliyopita. Ng'ombe wako tayari, hata ndama tumewatenga."

"Ng'ombe wa nini, baba?"

"Wa chanjo."

Nikaelewa. Zamani bwana mifugo wao alikuwa anakuja na skuta kama ile, na mimi nilikuwa na sanduku nyuma. Ng'ombe walishaanza kupangwa. Kuna mtu angeweza kukaa kimya anywe maziwa kwanza. Nikasema, "Baba, mimi siyo bwana mifugo. Mimi ni mjane, nauza chumvi Tunduma, na hii skuta imenizimia."

Akabaki na fimbo hewani. Kisha akawageukia vijana wake: "Rudisheni ng'ombe. Bwana mifugo ni mama wa chumvi." Wakacheka mpaka ng'ombe nao wakashtuka.

Jina lake Bwana Maduhu. Mkewe, Mama Kulwa, alitandika ngozi kivulini, akaleta ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Nilimweleza Maduhu kwamba kule juu nilipuliza mpira na petroli ikatoka, ila uchafu umerudi, na naogopa nikipuliza utarudi tena. Maduhu akasema kama ni uchafu tutaondoa tenki zima asubuhi, yeye ana spana za plau. Asubuhi ilikuwa Jumamosi, siku ya kugawa, na kuondoa tenki la skuta siyo kazi ya dakika mbili.

Mama Kulwa akaja kuninawisha. Alikuwa na dumu la lita tano, lile la mafuta ya kula, na mdomo wake ameuinamisha juu ya beseni. Dole gumba lilikuwa limekaa juu ya mgongo wa dumu, karibu na mkono wake. Nikaweka mikono, maji hayakuja. Akainua dole gumba, maji yakatoka laini, bila kukatakata. Akarudisha dole, maji yakasimama. Akainua, yakaja.

"Umefanyaje hapo?" nikamwuliza.

"Nimetoboa kwa msumari. Bila kitundu cha hewa, maji yanagoma kutoka. Kwenu hamtoboi?"

Tunatoboa. Kila nyumba inatoboa. Hata dumu langu la mafuta ya taa lina kitundu. Nimetoboa madumu maisha yangu yote.

Niliondoka na mikono inadondosha maji. Nikafungua kifuniko cha tenki, na safari hii nikatega sikio. Kikavuta hewa: *fyuuu*, kama mtu aliyezama anapoibuka. Nikakiinua juu. Kifuniko kile kina kitundu chake katikati, kidogo sana, kilichotengenezwa kiwandani. Na chini yake, imekaza safi kabisa, nailoni yangu ya godoro.

Nikakaa chini mavumbini.

Dereva alikuwa amefungua kifuniko kabla ya kugusa plagi. Fundi Ambele alikuwa amefungua kifuniko kabla ya kugusa kabureta. Hewa iliingia, petroli ikashuka, kila mmoja akasifu alichosafisha. Mimi kule kwenye jiwe sikufungua kifuniko, lakini nilipuliza hewa kwa mdomo, ikawa ile ile. Na nilipojaza tenki mpaka juu, nafasi ya hewa ilipungua, ndiyo maana ilinichosha haraka.

Lakini siyo hilo lililonikalisha chini. Nilikumbuka ile nailoni ya njano niliyoitupa. Tundu lake lilikuwa katikati kabisa, la duara, limelingana na kitundu cha kifuniko. Halikuwa uchakavu. Alilitoboa yeye, kwa mkono wake, na mimi nikaliona nikasema ni takataka. Miaka kumi na tisa nimeishi na mtu yule, na kuna vitu alikuwa anafanya vizuri kimya kimya ambavyo sikuvijua.

Mama Kulwa alikaa karibu yangu. Nilipomaliza kulia nikachomoa pini ya kitambaa changu cheusi, nikatoboa.

Usiku ule nililala kwao. Kabla ya kulala Maduhu alinitania kwamba kesho nisiondoke bila kuchanja walau ng'ombe mmoja.

Ivuna

Jumamosi haikuzima. Ilinguruma kutoka pale bomani hadi Ivuna bila kukohoa hata mara moja, na mimi nakiri nilikuwa nasikiliza kila dakika. Naandika kwa kujivuna na sitaomba radhi: nilipoingia uani kwa wakwe zangu saa tano asubuhi, watu wamejaa chini ya turubai, sikuizima injini mara moja. Niliiacha iseme kidogo ili hata waliokuwa jikoni wasikie.

Wifi zangu walipiga vigelegele, kisha wakakumbuka ni matanga, wakanyamaza, kisha wakapiga tena. Baada ya sala na chakula, wazee wakaanza kugawa vyombo. Jembe, panga, redio. Ilipofika skuta Shemeji Musa akaomba isogezwe katikati. Festo akaja akasimama upande wa pili, amevaa miwani ya jua.

"Shemeji," akasema Shemeji Musa, "imekusumbua njiani?"

"Imezima mara nne."

Watu wakaguna. Festo akafungua mikono. "Mara nne! Baba, umesikia mwenyewe. Mama mdogo namheshimu, lakini hiki chombo ni cha zamani, kinataka mtu."

Shemeji Musa akanigeukia mimi. "Nini kilikuwa kinaizima?"

Hapo ningeweza kusema plagi. Wote wangekubali, plagi inaonewa siku zote. Skuta ilikuwa mita mbili kutoka kwangu, na niliijua njia rahisi ya kuipata.

"Mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyekuwa naizima."

Nikaeleza yote, nailoni ya godoro, dereva, fundi, mazishi, dumu la Mama Kulwa. Nikaeleza na ile ya njano niliyoitupa. Wifi yangu mkubwa akajipiga paja. "Wifi jamani! Si ungelimeza tu hilo?"

"Sasa," akasema Festo, na wengine walianza kucheka naye, "mtu aliyeiziba kwa mkono wake ndiye apewe?"

Nikaona imekwenda. Nikatazama chini.

Shemeji Musa akanyoosha kidole. "Festo. Iwashe."

Festo akavua miwani. Akavuta choki hadi mwisho, kama anavyofanya na bodaboda yake asubuhi ya baridi, akasokota mafuta, akapiga kiki. Mara tano, mara kumi. Akasokota zaidi. Harufu ya petroli ikajaa uani. Akavua shati la juu, akapiga tena mpaka jasho likamwingia machoni.

"Imekufa," akasema akihema. "Mama mdogo ameshaiua."

"Haijafa," nikasema. "Umeinywesha petroli mno. Sogea."

Nilifunga koki. Nikarudisha choki. Nikachomoa plagi, imelowa chapa, nikaipangusa kwa ncha ya kitenge changu. Nikapiga kiki mara tatu bila plagi, ikatema mvuke wa petroli. Nikarudisha plagi, nikafungua koki, sikugusa choki wala mafuta. Kiki ya kwanza ilipumua tu. Ya pili ikawaka, ikajaza moshi turubai lote, na bibi mmoja akaanza kukohoa na kucheka kwa pamoja.

Festo alikuwa amesimama na shati mkononi. Akakuna kichwa. "Mama mdogo, kwani ile choki…"

"Choki ni ya asubuhi, mwanangu. Ikiwa ya moto hainywi."

"Ningejua," akasema, na akacheka mwenyewe.

Shemeji Musa aliinuka kwenye kiti chake. Alizunguka skuta taratibu, akagusa taa, akagusa sanduku. Mimi nilikuwa nimeshaipanda, naogopa kuizima. Akawaambia watu, "Huyu amejua ilivyokuwa inaumwa, na amesema nani aliiumiza. Mimi sina la kuongeza." Kisha akanigeukia. "Nipeleke kule kwenye chumvi. Wanaochemsha maji ya chumvi kule walimzoea marehemu, wewe hawakujui. Nikakuonyeshe kwao, wajue mzigo sasa anachukua nani."

Akapandisha kanzu, akakaa nyuma yangu. Nadhani hajawahi kubebwa na mwanamke, kwa sababu alikaa kidogo na mikono imeinuliwa hewani.

"Shemeji," akaniuliza kwa sauti ndogo, "nishike wapi?"

"Shika kiti," nikamwambia.

Akakishika kwa mikono yote miwili, nikaingiza gia.